Nukta za wanyamapori kwenye ramani: tuoneshe vipi mahali tusipokuwa na uhakika napo?

#1 Mnana wa Kilombero (mleta uzi)

Wakuu habarini za jioni. Watu wa ramani, wa misitu, wa ndege, wa samaki, nawaita wote hapa.

Kuna jambo linanikera kwa muda sasa na naamini tukilijadili kwa kina litawafaa wengi. Siku hizi data za wanyamapori zipo nje nje. Ukiingia GBIF, ile hazina ya rekodi za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao Copenhagen, unashusha rekodi za Tanzania bure kabisa. Nyingine zimetoka makumbusho za Ulaya na Marekani, nyingine iNaturalist na eBird, mitandao ambako watu hupandisha wanyama na ndege waliowaona. Unafungua QGIS, programu ya kuchora ramani, unamwaga nukta, unatia rangi, ramani inapendeza. Inabandikwa kwenye ripoti, ripoti inakwenda wilayani, na baadaye mtu anaamua barabara ipite wapi kwa kuzitazama zile nukta.

Shida ni kwamba nukta zote zina ukubwa mmoja. Ya mtu aliyesimama Mang'ula na simu inayosoma GPS kwa mita 5, na ya mtu aliyeandika "Uluguru" tu kwenye lebo karibu miaka 100 iliyopita, zote zimekaa ramanini kama mapacha. Msomaji hana pa kuzitofautishia.

Chukua chura wa Kihansi. Aliandikwa rasmi kisayansi mwaka 1999, na makazi yake yote duniani yalikuwa ile sehemu ya korongo la Kihansi inayolowanishwa na rasharasha za maporomoko, eneo la hekta kama 2 tu. Rekodi yake ikiwa na shaka ya kilomita 1, maana yake ni duara la hekta 314. Duara hilo linameza makazi yake zaidi ya mara 150, na karibu lote ni mahali ambapo chura huyo hawezi kuishi hata siku moja. Sasa ukichora nukta peke yake, itaangukia popote ndani ya hizo hekta 314, na mtu wa modeli za kompyuta atachukua joto na mvua ya pale akaifundisha kompyuta kwamba hapo ndipo chura anapopapenda.

Milimani ndiyo balaa zaidi. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi. Kilele cha Lupanga kinachoutazama mji kina mita 2,138, na kutoka mjini hadi pale kwa mstari ulionyooka hata kilomita 10 hazifiki. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo kinyonga wa msitu wa juu aliyeandikiwa "Morogoro" na nukta yake ikawekwa mjini, amekosewa joto kwa nyuzi 9 au 10. Huyo kinyonga mjini angekufa.

Data za mtindo wa Darwin Core, yaani utaratibu wa pamoja wa kupanga safu za rekodi za viumbe, zina safu inayoitwa coordinateUncertaintyInMeters. Ni nusukipenyo, kwa mita, cha duara linalotakiwa kubeba ndani yake mahali pa kweli. Hapa nitaiita shaka ya mahali. Kwenye rekodi nyingi za kwetu safu hiyo iko tupu, na tupu si sifuri! Tupu maana yake hakuna aliyepima wala kukadiria. Programu nyingi zikikuta tupu zinachora nukta safi, kwa hiyo rekodi tusiyoijua kabisa inaonekana sahihi kuliko ile ambayo mtu alijitahidi akakadiria shaka ya mita 800.

Na desimali nazo zinahadaa wengi. Lebo ya zamani imeandika digrii 6 na dakika 50 kusini. Mtu anaigeuza, kompyuta inampa -6.833333. Tarakimu ya sita baada ya nukta ni sentimita 11 ardhini. Lakini aliyeandika lebo alihesabu dakika nzima nzima, na dakika moja ni kilomita 1.85. Urefu wa namba hauongezi ujuzi wowote.

Msimamo wangu ni huu: kila rekodi ichorwe kwa ukubwa wa kile tunachokijua, isiyo na kipimo ipewe alama yake tofauti, na rekodi pana zisivute macho kuliko zile sahihi. Hilo la tatu ndilo gumu na ndilo hasa nililolileta. Karibuni.

#2 Pori Tengefu

Mkuu uzi umetulia. Ila swali la haraka: kwa nini tusizifute tu zote zenye shaka ya zaidi ya kilomita 1 tukabaki na nzuri? Ramani itakuwa safi na mkurugenzi hatauliza maswali. Sisi ofisini ndivyo tunavyofanya.

#3 Mnana wa Kilombero

Mkuu Pori Tengefu, nakuelewa, na kuna kazi ambazo kuchuja ndiyo njia sahihi. Unatafuta mahali pa kuweka kamera za kunasa picha za wanyama ndani ya msitu mdogo? Chuja bila huruma.

Ila ukichuja kwa kila kazi unafuta historia. Fikiria msafara wa Wasweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt, 1905 hadi 1906, Kilimanjaro na Meru. Walikusanya wadudu, ndege na wanyama wengi mno, na lebo nyingi zimeandikwa "Kibonoto", ambako leo tunakuita Kibong'oto. Hawakuwa na GPS. Lakini ndizo rekodi zinazotuambia nini kilikuwepo kwenye mteremko ule kabla mashamba hayajapanda juu. Ukiweka kichujio cha kilomita 1, zote kwaheri. Kitakachobaki ni rekodi za watu wenye simu, za miaka hii, kandokando ya barabara na kambi za watalii. Halafu mtu ataitazama ramani yako atasema mnyama huyu hajawahi kuwepo upande ule.

Tena lebo za zamani zina utajiri ambao tukikimbilia duara tunaupoteza. Nyingi zinataja mwinuko. Nyingine zinataja hata ukanda, kama ni eneo la mashamba au ni msitu. Jina la mahali likikupa duara la kilomita 8, mwinuko unakupunguzia hadi mkanda mwembamba unaozunguka mteremko. Ukiwa na data za mwinuko unaweza kuukata huo mkanda kutoka kwenye duara, na ndio utakaouchora, na ndio utakaompa mtu wa modeli. Ni kazi ya dakika chache kwa kila lebo na faida yake ni kubwa mno.

Kuhusu mkurugenzi kutouliza maswali: mimi natamani aulize.

#4 Simba Jike

Naweka kambi hapa. Nondo tupu.

#5 Dada Ramani

Asante kwa uzi, Mnana. Nichangie upande wa kuchora maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Duara la ukubwa halisi ni rahisi. Kwenye QGIS fungua mtindo wa tabaka la nukta, chagua Geometry Generator, aina iwe poligoni, kisha andika buffer($geometry, "coordinateUncertaintyInMeters"). Kabla ya hapo hamisha tabaka liende kwenye mfumo wa mita. Ukiliacha kwenye digrii, shaka ya 500 inasomwa kuwa digrii 500 na skrini nzima inajaa rangi. Mfumo wa mita unaotufaa ni UTM, na kila kanda yake ina namba ya EPSG ya kuichagua kwenye QGIS. Iringa na Dodoma ziko UTM kanda ya 36 kusini, EPSG:32736. Morogoro, Arusha na pwani yote ni kanda ya 37, EPSG:32737. Kigoma mjini imeangukia kanda ya 35. Kwa ramani ya nchi nzima, ambako kanda tatu zinakusumbua, EPSG:3857, ile ya ramani za mtandaoni, inatosha kwa kazi hii, kwa sababu tuko karibu na ikweta: hata kusini kabisa mwa Tanzania inarefusha umbali kwa asilimia 2 hivi tu. Usiende kumfundisha hivyo mtu wa Norway, maana kwenye latitudo 60 umbali unakuwa mara mbili.

Sasa lile gumu la Mnana. Ukichora kwa ukubwa halisi, jicho linakimbilia duara kubwa. Rekodi ya shaka ya kilomita 30 inafunika wilaya nzima, na ile nzuri ya mita 10 haionekani kabisa. Yaani tunachokijua kidogo zaidi ndicho kinachoonekana zaidi, na hapo ramani imepinduka.

Kanuni ninayoifuata ni wino sawa. Kila rekodi ipewe kiasi kilekile cha wino: eneo likiwa dogo wino unakolea, likiwa kubwa wino unatawanyika na kufifia. Kwa hesabu, ukolevu ugawanywe kwa mraba wa nusukipenyo. Lakini kati ya mita 10 na kilomita 10 nusukipenyo kimekua mara 1,000 na eneo mara 1,000,000, na hakuna skrini yenye ngazi hizo zote za rangi. Kwa hiyo nagawa. Hadi mita 100 nachora nukta nzito. Kutoka hapo hadi kilomita 1, duara dogo lenye rangi ya wastani. Hadi kilomita 10, duara hafifu lisilo na mstari wa ukingo. Zaidi ya hapo sichori duara tena, natumia gridi: kila mraba unaoguswa unapata sehemu ya rekodi, na mraba wenyewe lazima uwe mpana kuliko shaka iliyomo. Mpangilio wa kuchora ufuate shaka, kubwa zikae chini, ndogo juu.

Nasisitiza hilo la kuondoa mstari wa ukingo. Mstari mkali wa duara watu wanausoma kuwa ni mpaka. Ukipeleka mkutano wa kijiji ramani ya tembo yenye maduara juu ya mashamba yao, hawaoni shaka ya mahali, wanaona eneo ambalo hifadhi inataka kulitwaa. Na hawana kosa, kwa jinsi ramani zenye mistari zilivyowatenda huko nyuma. Ukingo ufifie polepole, na ufunguo wa ramani useme kwa maneno: "Mnyama alionekana mahali fulani ndani ya eneo hili." Sentensi hiyo moja inazuia ugomvi.

Zile tupu nazichora alama ya msalaba wa kijivu usio na duara, na kwenye ufunguo naandika "mahali hapajakadiriwa". Usizipe duara la kubuni.

#6 Askari wa Doria

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni askari wa doria, naomba niseme kitu kuhusu namna rekodi zinavyozaliwa huku porini, maana naona mnazungumzia zikishafika ofisini.

Tunatembea na kifaa chenye SMART, programu ya kurekodi tunachokiona doriani. Naona kundi la nyati ng'ambo ya mbuga. Nabonyeza, kifaa kinarekodi. Lakini kinarekodi pale niliposimama mimi. Nyati wako mita 400 mbele yangu, pengine ng'ambo ya mto. GPS inasema shaka ni mita 4, na ni kweli, ila ni mita 4 za askari. Ya nyati ni mita 400. Nimeona ramani ambazo nyati wote wako juu ya njia za doria na barabara, na mtu anatoa hoja kwamba nyati wanapenda barabara.

Kwa kiongozi mwenye kifaa cha kupima umbali, tunaandika umbali na uelekeo wa dira, halafu ofisini wanamsogeza mnyama hadi mahali pake. Asiye nacho aandike hata "mita 300 hivi, kaskazini mashariki". Hiyo "hivi" ina thamani, isifutwe.

Halafu kuna rekodi za vijijini. Raia anapiga simu: fisi ameua mbuzi kijiji fulani. Mtu wa ofisini hana koodineti, anachukua katikati ya kijiji kwenye faili la mipaka. Katikati ya kijiji mara nyingi ndipo ilipo ofisi ya kijiji au shule. Ramani ikitoka, fisi watano wako shuleni. Wazazi wanaogopa kupeleka watoto kumbe mbuzi aliuawa kilomita 6 kutoka hapo, kwenye boma la mwisho.

Naomba wanaochora watufikirie na sisi tunaoulizwa maswali baada ya ramani kutoka.

#7 Mnana wa Kilombero

Kaka Askari, umenena. Kwa rekodi ya namna hiyo ya kijiji mimi ningepaka rangi kijiji kizima, nyepesi, bila nukta yoyote. Tunachokijua ni kijiji, basi tuchore kijiji.

Na hata jina la kijiji lenyewe liangaliwe. Mbuyuni ziko ngapi nchi hii? Majengo je? Ukiandika Mbuyuni kwenye kitafutaji cha majina kinakupa ya kwanza kinayoikuta, na rekodi ya Moshi inaweza kujikuta Dar. Hapo hata duara halisaidii, kwa sababu kosa ni la kuchagua kati ya mahali pawili palipo mbalimbali. Bila wilaya, rekodi hiyo ibaki kwenye jedwali isipande ramanini.

Makosa ya kuandika namba nayo tusiyachanganye na shaka. Koodineti za Dar ni kama -6.82 na 39.28. Ukisahau alama ya kutoa, umeipeleka Dar nchini Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Ukibadilisha nafasi ya latitudo na longitudo, umetua Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Hayo ni makosa, yasahihishwe. Kuna kifurushi cha R, lugha ya kompyuta ya kuchakata data, kinaitwa CoordinateCleaner kinachokamata mengi ya aina hiyo: sifuri na sifuri, nukta baharini kwa mnyama wa nchi kavu, nukta zilizowekwa katikati ya nchi au kwenye jengo la makumbusho. Shaka inabaki hata baada ya makosa yote kusafishwa, na ndiyo tunayoijadili.

#8 Mwambao Tanga

Mnana umesema "baharini" nikaona nisipite kimya. Huku kwetu Tanga ndiko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti, wale samaki wa kale wa kina kirefu, walianza kunaswa kwenye majarife Tanzania kuanzia 2003. Sasa niulize: rekodi ya samaki aliyeletwa diko la Kigombe, nukta yake iwekwe wapi? Nyingi zinawekwa dikoni kwenyewe, yaani ufukweni, mahali ambapo silikanti hajawahi kuogelea. Mvuvi anajua alipotega jarife, lakini analijua kwa alama za nchi kavu, mlima ule ukipita juu ya mnazi ule. Na wengine hawapendi kutaja mahali wanapovua, ni haki yao.

#9 Dada Ramani

Mwambao, hilo ni zuri sana. Kwa samaki wa dikoni ningechora kipande cha bahari, si duara. Chukua umbali ambao chombo cha aina ile kinafika na kurudi usiku mmoja, ondoa nchi kavu yote, kisha kata kwa kina cha maji ambacho jarife lilishushwa. Mvuvi hata asipotaja mahali, kina atakutajia, maana anajua alitumia kamba kiasi gani. Kinachobaki ni mkanda wa mteremko wa bahari, na ndio tunaoujua kwa kweli. Dikoni pawekwe alama nyingine ndogo yenye maelezo "alipopokelewa". Vitu viwili, alama mbili.

Zile alama za mlima na mnazi zisidharauliwe. Mistari miwili ya namna hiyo ikikatana inakupa mahali pazuri kuliko lebo nyingi za makumbusho. Mkae na mvuvi akiwa na ramani mezani, kwa ridhaa yake.

#10 Sokoke 254

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Kwetu watu wa ndege tumezoea viboksi. Kenya Bird Map tangu ilipoanza 2013 inatumia pentadi, mraba wa dakika 5 kwa dakika 5, kama kilomita 9 kila upande. Mtu anaorodhesha ndege wote aliowaona ndani ya pentadi, hakuna haja ya kusema yuko mti gani.

Tatizo huja pale data hizo zinapohamishwa kwenda mfumo mwingine na pentadi ikageuzwa nukta ya katikati. Ghafla kila ndege yuko kitovuni. Ukiziona nukta zimejipanga mistari iliyonyooka kwa umbali sawa, ujue hiyo ni gridi iliyovuliwa nguo zake. Irudishieni mraba wake. Mkilazimika kutumia duara, liwe la kilomita 6.5 ili lifike kwenye pembe za mraba, lisiishie ubavuni.

eBird nayo muiangalie. Orodha ya mtu aliyetembea kilomita 5 inawekwa kwenye pointi moja. Umbali aliotembea umeandikwa kwenye data, utumieni kama kipimo cha chini cha shaka.

#11 Nyamera

Wadau, mimi naogopa kitu kimoja. Mnasisitiza usahihi, na majangili nao wanasoma ramani. Tanzania ilihesabu tembo zaidi ya 109,000 mwaka 2009, na ilipofika 2014 wakawa kama 43,000. Faru, kakakuona, kobe wa kuuza nje, hao tukiwaonesha mita kwa mita tutakuwa tumewaua wenyewe. Ramani nzuri ya kakakuona si afadhali isiwepo?

#12 Mnana wa Kilombero

Nyamera, hofu yako ni ya kweli na nakubaliana nayo. Mahali pa faru papo hapo pasitoke kabisa, iwe kwa nukta wala kwa duara dogo.

Ila kuficha kwa makusudi na kutojua ni mambo mawili, na ramani iseme ni lipi. iNaturalist, kwa spishi zilizo hatarini, inaficha kwa kuichukua rekodi na kuitupa popote ndani ya kiboksi cha digrii 0.2 kwa 0.2. Kwetu huku ni kama kilomita 22 kila upande. Kwa hiyo rekodi ya kima punju wa Jozani inaweza kuonekana imekaa baharini, maana Unguja yenyewe upana wake haufiki hata viboksi viwili. Mtu asiyejua anaitoa kama kosa, au mbaya zaidi, anaitumia. Nukta ile ni ya kubuniwa na kompyuta. Ukweli uliopo ni kiboksi, kwa hiyo tuchore kiboksi, na tuseme "mahali pamefichwa kwa usalama wa mnyama".

Mwongozo uliochapishwa na GBIF mwaka 2020, wa Arthur Chapman, kuhusu spishi nyeti unashauri kupunguza usahihi kwa gridi badala ya kutawanya pointi ovyo, na kuandika wazi kwamba data imepunguzwa. Ndiyo maana Darwin Core ina safu ya dataGeneralizations na informationWithheld. Ukipokea faili, zisome hizo safu mbili kabla hujagusa rangi. Na ukitoa ramani ya hadharani, ukubwa wa gridi uamuliwe na walinzi wa huyo mnyama, sisi wachoraji tufuate.

Kuna jambo jingine. Picha za wanyama kwenye makundi ya WhatsApp zikitumwa kama picha huwa zinavuliwa koodineti. Zikitumwa kama faili la nyaraka, koodineti zinabaki nazo. Mwenye picha ya kakakuona alijue hilo kabla hajaituma kwenye kundi la watu 200.

#13 Pori Tengefu

Nimerudi. Nimewaonesha wenzangu ofisini maelezo ya Dada Ramani ya wino sawa, tumejaribu kwa rekodi zetu za ushoroba, njia ya kupita wanyama. Rekodi zilizokuwa zinaonesha tembo "wanapita" katikati ya makazi ya watu zilikuwa karibu zote misalaba ya kijivu, yaani hakuna aliyekadiria kitu. Zenye nukta nzito, nyingi za tembo waliovalishwa mikanda ya shingoni yenye visukuma mawimbi, zinapita pembeni kabisa. Ule mjadala wa wapi vibao vya tahadhari viwekwe umebadilika hapohapo.

#14 Mzee wa Karatasi

Vijana hamjambo. Nilifanya upimaji miaka mingi, na nimesoma uzi wote nasubiri mtu ataje Arc 1960, sijaona.

Karatasi zetu za 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742, na za Kenya pia, zilichorwa kwa kumbukizi (datum, msingi ambao koodineti huhesabiwa kutoka kwake) ya Arc 1960. GPS na simu zenu zinatumia WGS84. Ukisoma namba kutoka kwenye karatasi ukaziingiza kama WGS84, umekosea kwa mita 300 hivi, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Rekodi nyingi za kuanzia miaka ya 60 hadi 90 zilisomwa kwenye karatasi hizo. Safu ya geodeticDatum ikiwa tupu kwenye rekodi ya Afrika Mashariki ya miaka hiyo, ongezeni mita 300 kwenye shaka, msibishane.

Na hata penye GPS, tazameni tarehe. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanayavuruga mawimbi yake kwa makusudi, na kosa lilifika mita 100. Rekodi ya GPS ya 1996 si sawa na ya 2006.

Wieczorek na wenzake mwaka 2004 waliandika namna ya kujumlisha vyanzo vyote hivi, jina la mahali, ramani, kumbukizi, desimali, hadi kupata nusukipenyo kimoja. Mkae nayo hiyo mbinu.

#15 Mnana wa Kilombero

Shikamoo mzee. Asante sana kwa hili. Mita 300 kwenye savana unaweza usizione. Kwenye msitu mdogo wa pwani zinamtoa mnyama msituni kabisa, zinamweka kwenye shamba la mihogo.

#16 Mpakani

Samahani wataalamu, mimi ni mkulima tu, shamba langu liko jirani na pori la akiba. Hii ya mita 300 imenishtua. Tembo wakila mahindi, kifuta jasho kinategemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kwetu walikuja wakapima kwa simu, wakatazama mpaka kwenye kompyuta, wakasema niko karibu mno. Jirani yangu aliye ndani zaidi yangu kuelekea porini akaambiwa anastahili. Nifanyeje?

#17 Mzee wa Karatasi

Kijana, marahaba hata kama hujaniamkia, swali lako ni la msingi kuliko yote humu. Huo mpaka wa kwenye kompyuta inawezekana ulinakiliwa kutoka karatasi ya zamani na kumbukizi haikubadilishwa. Hapo mpaka wote umesogea, ila wewe na shamba lako hamjasogea.

Usibishane nao juu ya kompyuta. Omba mkaende kwenye bikoni za mpaka ardhini, zile mbili zilizo karibu nawe zaidi, na zipimwe kwa kifaa kilekile, siku ileile, pamoja na kona za shamba lako. Kifaa kimoja kikipima pande zote mbili, habari ya Arc 1960 inaondoka kwenye hesabu, inabaki shaka ya kifaa chenyewe. Mwenyekiti wa kijiji na askari wanyamapori wa kijiji wawepo na wasaini.

#18 Dada Ramani

Naongeza kwa Mpakani: mkipima, kila pointi iandikwe na shaka yake, ile simu inayoionesha kwa mita. Subirini kwenye bikoni dakika kadhaa hadi ishuke chini ya mita 10, msipime chini ya mti mkubwa. Mstari wa bikoni mbili ukishapatikana, umbali wa shamba unahesabiwa, na shaka ya pande zote mbili inajumlishwa. Kama umbali ukitoa shaka yote bado umevuka kiwango kilichowekwa, dai lako limesimama. Ukikaribiana na kiwango kiasi kwamba shaka inagusa pande zote mbili, waandike hivyo kwenye fomu badala ya kuchagua upande mmoja. Nitumie namba ulizopata inbox, nitakuchorea bure.